Cinderella aliyesuka rasta

Ile filamu ya Cinderella ya mwaka 1997, ya waimbaji wa Marekani Brandy na Whitney Houston, mimi naitazama kwa jicho la msusi, maana ndiyo kazi yangu hapa Temeke. Watu wakiisifia huanza na nguo, na kweli nguo zimeshonwa. Mimi naanza na kichwa. Brandy aliingia humo na rasta zake nyembamba, zilezile tulizomjua nazo kwenye Moesha, kile kipindi chake cha televisheni. Akihudumia nyumba ya mama wa kambo, kasuka. Boga likigeuka gari la farasi na gauni likimshukia mwilini, rasta bado zipo, ila zimekusanywa juu, kichwa kimependeza kama cha bibi harusi. Uchawi umebadilisha kila kitu, nywele haukuzinyoosha.

Mtu ambaye hajawahi kuchomwa sikio na kitana cha moto anaweza kuliona hilo dogo. Wateja wangu wengi wamekua wakiambiwa kwamba siku ya shughuli lazima nywele zitiwe dawa kwanza, zilale, ndipo uitwe umependeza.

Tamthilia hii ya nyimbo iliandikiwa televisheni ya Marekani mwaka 1957, Julie Andrews akiwa Cinderella, ikarudiwa 1965, na mara zote mbili msichana alikuwa Mzungu. Miaka ya mwanzo ya tisini Whitney alitaka kuicheza yeye mwenyewe. Mradi ukachelewa, umri ukasogea, akaona nafasi ile inamfaa binti mdogo zaidi. Akamwita Brandy, aliyekuwa na miaka 18 na aliyempenda sana Whitney tangu utotoni, na Whitney akabaki mtayarishaji na yule mama wa miujiza anayemtoa Cinderella jikoni. Kwa hiyo Whitney anapomwimbia kwamba yasiyowezekana yanawezekana, mimi nauamini wimbo mzima. Alikuwa amekwisha kumfanyia. Kituo cha televisheni cha ABC kiliirusha tarehe 2 Novemba 1997, na watu wapatao milioni 60 wakaitazama.

Kisha kuna ile ikulu. Malkia ni Whoopi Goldberg, mfalme ni Victor Garber, Mzungu, na mtoto wao ni Paolo Montalban, mzaliwa wa Manila. Mama wa kambo ni Bernadette Peters, na mabinti zake wawili mmoja mweusi, mwingine mweupe. Hakuna anayeeleza. Dada mmoja niliyekuwa namsuka aligeuza shingo nywele zikiwa mkononi mwangu: "Sasa hawa wamemzaaje huyu?" Watoto hawajawahi kuniuliza. Wao huuliza kwa nini mwana wa mfalme haendi mwenyewe sokoni bila kujificha, na kiatu cha kioo hakikati miguu?

Wapo wanaolalamika kwamba filamu imekaa kimya juu ya ubaguzi. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Mtoto mweusi anasimuliwa mateso ya watu weusi mara nyingi sana. Apate na hadithi moja ambamo shida yake ni mama wa kambo na saa sita ya usiku, basi. Cinderella huyu ananyanyaswa kwa sababu ni yatima asiye na mtetezi. Rangi yake hairekebishwi wala haiombewi radhi.

Shule zikifungwa kwa likizo, mabinti wa shule huletwa kwangu wasukwe, na ninaiweka kwenye simu huku nikiwatafsiria. Mmoja alidakia Brandy alipotokea tu: "Anti, kasuka!" Hapo nikajua nilichokuwa nakipenda kimeonekana na mwingine, tena wa darasa la pili.

Ila shule nyingi za kwetu huwataka wasichana wanyoe. Likizo ikiisha nawafumua, wananyolewa, wanarudi darasani na vichwa vyao vizuri vya duara. Binti wa namna hiyo, nywele fupi kabisa, akicheza dansi na mwana wa mfalme bila mtu kumvisha wigi, bado sijamwona kwenye filamu yoyote. Namtaka huyo naye.