Kidogo 0.84 inizike, figo ikiwa nzima

Sisi tuliopandikizwa figo hatuulizani habari za watoto. Tunaulizana kreatinini, ule uchafu wa damu ambao figo inapaswa kuuchuja. Yangu ilikuwa imetulia, dawa nameza kwa saa, mkojo wa kutosha. Ila foleni za hospitali nimezichoka, basi nikaingia kituo binafsi karibu na nyumbani hapa Dar kufanya utrasaundi ya dopla, ile inayopima mwendo wa damu. Elfu themanini na kitu.

Figo ya kupandikizwa haikai mgongoni. Yangu ipo mbele, chini ya tumbo upande wa kulia, karibu kabisa na ngozi. Yule kijana akakandamiza kile kidude kama anachimba kisima. "Mzee, vuta pumzi, bana." Nikabana mpaka masikio yakavuma. Majibu: RI, namba ya ukinzani wa damu kwenye figo, 0.84. "Ikivuka 0.8, mzee, figo haina maisha."

Nyumbani ikawa kama nimeshakufa. Shemeji akauliza kama mashine ya kusafisha damu bado ina nafasi. Shangazi akaleta chupa ya mizizi. Shikamoo nikampa, dawa nikamwagia maua. Mizizi na dawa zetu haviendi pamoja.

Kliniki yangu ipo Muhimbili, walikoanza kupandikiza mwaka 2017. Daktari alicheka, akanipa kalamu. RI ni kasi ya damu moyo unapopiga, toa kasi inayobaki moyo ukipumzika, gawa kwa ile ya kwanza. Chukua 50 na 15: unapata 0.70. Sasa kandamiza figo hiyohiyo, ile 15 ishuke hadi 8: 0.84! Hesabu hiyo nilipiga mwenyewe, na darasa la saba niliponea chupuchupu. Kubana pumzi kwa kujikaza nako kunaweza kuipandisha.

Kipimo cha pili nilikisimamia mimi. "Dada, jeli nyingi, usiniegemee, nami nipumue kawaida." Akapima juu, katikati na chini ya figo, akatoa wastani: 0.72.

Hofu ya 0.8 haikuzuka hewani. Utafiti wa Ujerumani wa 2003 uliihusisha RI ya 0.80 kwenda juu na figo kufeli na mgonjwa kufa. Mwaka 2013 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, wakapima kwa tarehe zilizopangwa mapema, wakakuta wenye 0.80 kwenda juu walikufa zaidi, lakini figo zao hazikufeli zaidi ya za wengine. Namba ilikuwa inasema habari za umri na mishipa ya mwenye mwili. Mimi presha ninayo tangu ujanani, kwa hiyo siku hizi mashine ya presha ipo mezani pembeni ya chumvi, na chumvi haiguswi.

RI ikipanda kuliko yako ya zamani, na kreatinini inapanda au mkojo unapungua, hapo usingoje kesho. Huenda wakataka kukata kinyama kidogo cha figo wakakipime, kubali.

Kile kituo nilikirudia na majibu mapya. Wakaniambia pesa ikishalipwa hairudi, ila kipimo kingine watanipunguzia.