Famasi za Uingereza na wageni wanaozibeba

Ukiingia famasi yoyote ya Uingereza angalia ukutani, utaona kikaratasi kina jina la mfamasia wa zamu na namba yake ya usajili. Sheria hiyo ipo tangu 2009, lazima awepo mfamasia mmoja anayewajibika, na asipotokea asubuhi basi dawa za cheti cha daktari hazitoki hata kama wahudumu wote wako kaunta na foleni imefika mlangoni. Yaani mtu mmoja tu akikosekana mtaa mzima unakosa dawa.

Sasa soma hayo majina. Mnaijeria, Mpoland, Mreno, Mhispania, na majina mengi sana ya Kihindi. Ila hapo kwa Wahindi usikimbilie kuhesabu wageni, maana wengi wamezaliwa hukohuko, na wengine wazazi wao ni wa kwetu kabisa, wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin 1972 wakaenda kuanza upya Leicester na London. Kwa hiyo anayeitwa mgeni leo, kesho mwanawe ndo mwenye famasi.

Zamani wafamasia wa Ulaya walikuwa wanaingia kirahisi, cheti chake cha kwao kinatambuliwa, hana mtihani wala viza. Ikaja kura ya 2016 ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, na mwisho wa 2020 uhuru wa kuingia na kufanya kazi ukaisha. Halafu 2021 serikali ileile ikawaingiza wafamasia kwenye orodha ya kazi zenye upungufu wa watu! Na wakati huohuo, kuanzia 2019, NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, ilikuwa inatoa hela za kuajiri wafamasia kwenye kliniki za madaktari wa mitaani, na nani atakataa, Jumamosi uko nyumbani na husimami kutwa nzima. Famasi za mtaani zikabaki zinahangaika kutafuta watu.

Kinachoniuma mimi ni njia wanayopitishwa wanaotoka nje ya Ulaya. Mfamasia aliyesoma na kufanya kazi Lagos au Dar miaka na miaka, akifika anarudi chuo mwaka mzima kwa ada yake, kisha mafunzo kazini wiki 52, kisha mtihani wa usajili unaofanyika mara mbili tu kwa mwaka, na ukifeli mara tatu ndo basi. Mtihani siupingi hata kidogo, kukosea dozi ya mtoto ni kifo, na karatasi ya kwanza ya mahesabu ina maswali 40 ambayo kila mfamasia anapaswa kuyaweza. Lakini mtu wa miaka kumi kazini kufanyishwa mafunzo marefu sawa na aliyemaliza chuo juzi sio haki, na wengi wanaishia kupanga maboksi ya dawa kwenye shelfu wakitafuta ada huku famasi ya jirani imefunga kwa kukosa mfamasia.

Na kwetu je? Tanzania na Uganda zimo kwenye orodha ya WHO ya 2023, nchi 55 ambazo waajiri wa nje hawatakiwi kuja kuwinda wahudumu wa afya. Mtu akiomba mwenyewe hazuiwi, na mi naona ni sawa asizuiwe, ila Uingereza inayompokea mtu aliyesomeshwa na nchi maskini ingechangia basi kusomesha wa kumrithi.