Kuhusu pombe hakuna anayetuuliza

Tangu nivue gwanda, watu huniuliza hali ya mgongo na magoti. Pombe, kimya. Mwanamke aliyetoka jeshini akinywa mpaka azime, wenzake hucheka: "Huyo ndiye askari!"

Juzi kliniki muuguzi aliniuliza maswali matatu tu: nakunywa mara ngapi, kiasi gani, na ni mara ngapi napitiliza. Kumbe kwa mwanamke, vinywaji 4 ndani ya saa 2 hivi tayari ni kupindukia. Kwa mwanaume ni 5. Nikabisha, maana jeshini tulizoea kwenda sawa na wanaume kwa kila kitu. Akanieleza kuwa mwili wetu una maji machache, hivyo pombe ileile hukolea zaidi kwenye damu, na ini huumia mapema. Hatari ya saratani ya matiti nayo hupanda hata kwa unywaji mdogo.

Lililonigusa ni usingizi. Wengi wetu tunakunywa ili ndoto za kule zisije. Pombe hulaza haraka, halafu inakukurupusha usiku wa manane, jinamizi likiwa palepale.

Dada zangu mnaokunywa kila siku, msiache ghafla bila daktari. Mtu anaweza kupata degedege. Na mwenye kikundi cha wanawake pekee waliotoka jeshini aniandikie inboksi. Kile cha mchanganyiko nilikaa bila kufungua mdomo.