Jinsi nilivyoipata hukumu ya talaka ya mama mdogo New York

Mama mdogo alinipigia simu usiku, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kata tamaa. "Mwanangu, wanataka karatasi ya talaka. Mimi hata sijawahi kuiona."

Alikuwa ameomba pensheni ya serikali. Marekani, mtu aliyeachika anaweza kulipwa kupitia rekodi ya kazi ya mwenzi wake wa zamani, na miongoni mwa masharti ni kwamba awe ametimiza miaka 62, asiwe kwenye ndoa nyingine, na ile ndoa ya kwanza iwe imedumu angalau miaka 10 hadi talaka ilipokamilika. Yeye aliolewa 1984 na kuachika 1996, kwa hiyo sharti alilitimiza. Ushahidi ndio hakuwa nao. Alikwishahama New York zamani, mimi ndiye niliyebaki mjini, basi kazi ikawa yangu.

Nilimuuliza waliachana mahakama gani. Akajibu bila kusita: Mahakama ya Familia, Brooklyn. Alikumbuka hata mabenchi, na jinsi alivyokuwa akikaa pale na mtoto mapajani. Asubuhi iliyofuata nikaenda Jay Street, nikapita kwenye mashine ya ukaguzi, nikapanga foleni. Karani alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia maneno ambayo laiti ningeyajua mapema: Mahakama ya Familia ya New York haivunji ndoa. Inashughulikia malezi ya watoto, matunzo, ulezi, kuasili, ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani. Talaka hutolewa na Mahakama ya Juu ya jimbo, na jalada lake hutunzwa na karani wa kaunti.

Jina hilo "Mahakama ya Juu" huwachanganya wengi. Katika jimbo la New York hiyo si mahakama ya mwisho. Iliyo juu ya zote ni Mahakama ya Rufani, na hii inayoitwa ya Juu ndiyo kesi kubwa zinakoanzia. Mama mdogo hakudanganya wala hakusahau. Kweli alikaa kwenye yale mabenchi, ila alikwenda kudai matunzo ya mtoto. Talaka yenyewe ilipita kwa mawakili, na yeye hakuitwa mbele ya jaji hata siku moja. Kwa hiyo ukitafuta majalada ya namna hii, anachokumbuka mtu kichukue kama fununu, usikitegemee kama anwani.

Kutoka Jay Street hadi ofisi ya karani wa kaunti, Adams Street, ni mwendo mfupi wa miguu. Brooklyn kwa hesabu ya mahakama ni Kaunti ya Kings. Jiji zima lina kaunti tano, kila moja na karani wake na madaftari yake: Manhattan ni Kaunti ya New York, Staten Island ni Richmond, Bronx na Queens zinabaki na majina yao. Nikatafuta kwa jina la mama mdogo. Hakuna. Kwa jina la mumewe. Hakuna. Mwaka 1995, 1996, 1997, hakuna.

Hapo nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Nililipia kampuni moja ya mtandaoni iliyodai ina kumbukumbu za talaka za nchi nzima. Nilicholetewa ni orodha ya anwani za zamani, tena moja si yake. Jimbo hili hufungia majalada ya ndoa kwa miaka 100. Anayeruhusiwa kuyaona ni wahusika wenyewe, mawakili wao, au mtu mwenye amri ya mahakama. Kampuni ile ingeyapata wapi?

Aliyetufungulia njia ni jirani yangu, mama aliyewahi kupita huko huko. Alinieleza kwamba Idara ya Afya ya jimbo ina vyeti vya talaka zote tangu Januari 1963, na mwanandoa mwenyewe anaweza kuomba chake kwa posta. Cheti hicho ni ukurasa mmoja tu: majina, tarehe, mahali ndoa ilipovunjwa. Masharti ya talaka hayamo, na mama mdogo alikuwa ameambiwa alete hukumu yenyewe. Lakini mimi nilichokitaka ni hicho kipengele cha mahali. Akaomba. Kilipofika baada ya wiki kadhaa, akanisomea kwenye simu: Kaunti ya New York. Manhattan! Wote wawili walikuwa wakiishi Brooklyn walipotengana, ila baadaye mume alihamia ng'ambo ya mto, na wakili wake akafungua shauri huko.

Nikaenda Centre Street namba 60, lile jengo la nguzo kubwa lenye pembe sita. Nikiwa na mwaka na kaunti nilidhani kazi imekwisha. Jina la mumewe halikutokea. Nikasimama pale dirishani nikifikiria majina yetu yalivyo: la mtu, la baba, la babu. Sisi tunalichukua la babu kuwa la ukoo. Je, kama aliyeandika siku ile aliishia kwenye la baba? Nikamwomba karani atafute hilo. Likatokea, mdai akiwa mume, mdaiwa mama mdogo, na jina lake limepungua herufi moja. Kando yake namba ya shauri. Niliinakili mara mbili, kwenye simu na kwenye kiganja cha mkono, kwa jinsi nilivyoogopa kuipoteza.

Jalada sikupewa. Nilikuwa na barua ya mama mdogo ya mkono, iliyosainiwa vizuri, lakini haikuwa na uthibitisho wa notari, yaani ofisa anayeshuhudia saini. Nilisikitika, ila kusema kweli nilimwelewa karani. Ndani ya majalada hayo kuna mishahara ya watu, magonjwa, majina ya watoto. Mama mdogo akaenda kwa notari wa kwao, akasaini mbele yake, akaambatisha nakala ya kitambulisho, akanitumia ile ya asili. Niliporudi, jalada likabidi liagizwe kutoka linakohifadhiwa, nikaambiwa nirudi tena.

Siku niliyolishika, lilikuwa jembamba kuliko nilivyotarajia. Hukumu ilikuwa kurasa chache zilizopigwa taipu, pini yake imeacha alama ya kutu pembeni. Kuhusu mtoto, ilitaja tu kwamba amri ya matunzo ya Mahakama ya Familia inaendelea kuwepo, na hapo nikaona jinsi mahakama zile mbili zilivyounganishwa. Chini kulikuwa na tarehe ya jaji. Juu kulikuwa na mhuri wa ofisi ya karani wenye tarehe nyingine, ya wiki mbili na ushee baadaye. Hiyo ya pili ndiyo muhimu, kwa kuwa hukumu huhesabiwa kukamilika inapoingizwa kwenye kumbukumbu za karani wa kaunti. Nikaomba nakala tatu zilizothibitishwa, kila moja ikagongwa mhuri wa kukandamiza, ule unaousikia kwa kidole.

Jioni nilimpigia. Aliniomba nimsomee yote, neno kwa neno, tangu juu. Nilipofika anwani yao ya Brooklyn akanikatiza: "Hapo hapo. Ndiko walikoipeleka hukumu. Mimi nilikuwa nimeshahama."

Nakala mbili nilimtumia kwa posta ya kusainiwa. Ya tatu ninayo mimi, kwenye bahasha moja na barua ya notari na namba ya shauri.