Nilivyoanza kuziba meno bila mashine

Nilipopangiwa hospitali ya wilaya huku Kanda ya Ziwa, kitengo cha kinywa na meno kilikuwa na tabibu mmoja, ndiye mimi, na kiti ambacho kompresa yake, ile pampu ya hewa, ilikwishakufa. Bila kompresa mashine ya kuchimbia jino haizunguki. Koleo na ganzi vilikuwepo, basi nikawa wa kung'oa. Jioni nikifungua daftari la MTUHA, lile la kumbukumbu za wagonjwa, safu ya matibabu ilisomeka kung'oa, kung'oa, kung'oa mpaka chini ya ukurasa. Iliniuma, maana baadhi ya meno yale yangezibika.

Siku moja akaja mama na bintiye wa darasa la tatu. Gego la chini lilikuwa na shimo dogo juu, pa kutafunia.

"Daktari, ling'oe tu, tumetoka mbali. Si litaota jingine?"

Halioti tena. Gego lile huchomoza mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Ndiyo maana wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto. Nikamwomba mama anipe wiki tatu.

Chuoni tulifundishwa kuziba kwa vifaa vya mkono, njia iliyoanzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 kwa ajili ya mahali pasipo na umeme wala mashine. Nilichokosa ni glasi ayonoma, ule unga na maji yake ya kuzibia. Mfamasia aliniambia haimo kwenye maoteo, yaani makadirio ya mahitaji ya dawa na vifaa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiomba. Alisema kweli, hata mimi sikuwa nimeomba. Nikaandika ukurasa mmoja, nikaorodhesha meno niliyong'oa mwezi ule na yapi yangepona, nikaongeza kwamba mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hii kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Mganga mfawidhi aliuliza bei, akasaini. Tukanunua kwa fedha za papo kwa papo, zile wanazolipa wagonjwa.

Binti akarudi. Nilimlaza karibu na dirisha, muuguzi niliyemwazima wodini akanishikia tochi. Kwa kijiko kidogo cha chuma nikakwangua uozo, ukatoka laini, wa kahawia, kama ngozi iliyolowa. Ukifika pagumu mkono wenyewe unasikia, unaacha. Nikazungushia pamba mate yasifike, nikakoroga, nikajaza, nikapaka vaselini kidoleni na kugandamiza. Sikuchoma ganzi, na mtoto hakulia. Nikamwambia asile kitu kwa saa nzima.

Si kila jino linafaa. Shimo la juu peke yake hudumu. Likishakula na ubavu, ujazo hubomoka mara nyingi zaidi. Jino linalouma lenyewe usiku siligusi kwa njia hii, kwa sababu uozo umeshafika kwenye kiini. Mwenye jino hilo namwandikia rufaa ya hospitali ya mkoa kwa matibabu ya mzizi. Wengine nauli inawashinda, wanarudi kwangu kung'olewa. Hilo bado sijalipatia dawa.

Kuziba jino moja kunachukua muda mrefu kuliko kung'oa, na foleni ni ileile, tabibu ni yuleyule. Kwa hiyo nimetenga Jumatano kwa watoto wa shule tu. Nikiwa likizo mlango unafungwa. Barua ya tatu ya kuomba tabibu wa pili niliipeleka mwezi uliopita, na safari hii nimeambatisha nakala za daftari.