Fomu niliyoiruka miezi 14

Onyesho langu la kwanza ugenini lilikuwa na watu tisa, na wawili kati yao walijibanza tu kusubiri mvua ikatike. Niliimba nyimbo saba. Gitaa lilitoka kwenye tuni karibu kila baada ya wimbo, nami nikazilaumu nyuzi.

Nyuzi za watu hazikuwa na kosa. Chumba nilichopanga kilikuwa na hita iliyounguruma usiku kucha, hewa kavu mpaka midomo inapasuka, na mbao za gitaa hunywea zikikosa unyevu. Ncha za vile vyuma vya shingoni zilikuwa zimechomoza pembeni. Nikipandisha mkono, zinanikwaruza. Fundi aliniambia gitaa linataka hewa yenye unyevu wa kama asilimia 45 hadi 55. Tangu siku hiyo likawa linalala kwenye kasha lililofungwa, pamoja na sponji yenye majimaji ndani ya kijaluba cha sabuni nilichokitoboa matundu kwa msumari. Mimi mwenyewe nikaendelea kulala na ukavu wangu.

Basi nikawa napiga popote waliponikubali. Msanii anayejisimamia akihama, anaanza moja: nyumbani nilikuwa na watu wanaoitikia kiitikio kabla sijakifikia, huku nikawa nautafsiri wimbo dakika tatu kabla ya kuuimba dakika nne. Niliacha. Watu walisikiliza vizuri zaidi niliponyamaza.

Usiku mmoja, nikikunja waya zangu, fundi mitambo akaniuliza kama nimeshajaza fomu ya nyimbo. Nikamwambia nimeshalipwa. Akacheka.

“Amelipwa mwimbaji. Mtunzi je?”

Nilisimama na waya mkononi kama mtu aliyeitwa kwa jina la marehemu bibi yake. Kumbe ukumbi unaopiga muziki hulipia leseni kwa chama kinachokusanya mirabaha, yaani malipo ya watunzi nyimbo zao zinapotumiwa, na chama kinawagawia watunzi kwa kufuata orodha ya nyimbo zilizoimbwa. Jina la wimbo, mtunzi, tarehe, basi. Miezi 14 nilikuwa nimeimba nyimbo zangu mwenyewe bila kupeleka hata orodha moja. Nilipopeleka zote kwa mkupuo, zilikubaliwa za karibuni tu. Za nyuma, muda wake ulikuwa umepita.

Nilikuwa nimejibweteka na hakimiliki. Ni kweli kwamba Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886, unaulinda wimbo katika nchi wanachama bila wewe kuusajili popote. Ila ulinzi huo haumtumi mtu akuletee pesa mlangoni. Rekodi zangu zilikuwa na ISRC, ule msimbo wa herufi na tarakimu, jumla 12, unaoitambulisha kila rekodi, kwa sababu aliyezisambaza mtandaoni aliuweka. Utunzi wenyewe, yaani maneno na melodia, haukuandikwa kwenye daftari la mtu yeyote.

Nikaketi kusajili wimbo mmoja mmoja. Tisa zilipita haraka. Wa kumi ukanikwamisha kwenye kisanduku cha asilimia za watunzi, maana ule tuliutunga wawili, mimi na mpiga gitaa wangu wa zamani, tumekaa sakafuni umeme umekatika. Hatukuwahi kuandikiana chochote. Nikampigia.

“Beti la pili ni la nani?” akauliza.

“La kwangu.”

“Dada, hebu liimbe.”

Nikaliimba kwenye simu. Nilipofika mstari wa tatu nikasikia kabisa ni maneno yake. Mimi sijawahi kutumia neno “kitovu” kwenye wimbo wowote. Na nilikuwa nimelitambulisha jukwaani kama langu, sijui mara ngapi.

Tukakubaliana 60 zangu, 40 zake. Yeye ndiye aliyetaja, mimi ningeandika nusu kwa nusu kwa aibu. Kisha akataka kujua kama gitaa limeacha kukwaruza, na ile sponji ninailowesha kila baada ya siku ngapi.