Tanuri la uani: kuba livae nini?

Kuba la tanuri langu la udongo la kuokea mkate limekauka. Nimekuwa nikiwasha moto mdogo wa vijiti, kisha mkubwa kidogo, na mvuke uliokuwa ukifuka juu yake hauonekani tena. Tabaka la nje la udongo na pumba za mbao linafanya kazi yake: mkate unaiva ndani, na juu naweza kuweka kiganja nikakiacha. Sasa ni zamu ya pambo.

Kila anayeingia uani ananishauri marumaru. Kariakoo zimejaa za kila rangi, na mafundi hawakosi vipande vilivyobaki kazini. Fundi wangu alivyoziona za bluu akasema, "Dada, hizi zikipangwa hapa, watu watakuja kupiga picha tu." Ni nzuri kweli. Nikabandika chache karibu na mdomo, nikachochea moto wa nguvu. Tanuri lilipopoa nikazigonga kwa ukucha, na baadhi zikalia wazi, zimeshaachia kwa chini. Moja ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele ukingoni.

Marumaru na udongo havitanuki sawa vikipata joto, hilo moja. Kubwa zaidi kwangu ni unyevu. Hewa ya Dar ina maji mwaka mzima na udongo unayanyonya hata bila mvua. Ukiwasha moto, maji hayo yanakuwa mvuke, na maji yakiwa mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya mwanzo. Usipouachia njia, utajitafutia. Tanuri la udongo lazima lipumue, na uso wa marumaru unang'aa kwa sababu umezibwa.

Kwa hiyo kuba litapigwa lipu ya chokaa: sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga wa mto, matabaka membamba. Mchanga wa ufukweni siutaki, chumvi yake huvuta unyevu. Chokaa hukaza polepole kwa kuvuta hewa ya kaboni, basi nitalifunika kwa magunia mabichi ili jua lisiikaushe kabla haijashika. Nimejaribu juu ya tofali, nikatia udongo mwekundu uliochekechwa. Likiwa bichi rangi ilitisha, lilipokauka ikatulia ikawa ya waridi iliyofifia. Nimeipenda mno.

Kitako, ambako joto halifiki, nimekipa mawe ya machimbo ya Kunduchi. Ukiyatazama kwa karibu unaona vitundu na alama za makombe ya kale. Mawe ya jamii hiyo na chokaa ndiyo yaliyojenga miji ya kale ya Kaole na Kilwa Kisiwani. Lakini yawe ya nchi kavu. Matumbawe ya baharini ni makazi ya samaki, yaachwe huko. Mdomoni mawe haya siyaweki, moto utayaharibu, maana ya jamii hiyo hiyo ndiyo wazee wa pwani waliyachoma kupata chokaa. Pale patabaki matofali ya kuchoma, bila lipu, na masizi yake.

Marumaru za bluu nimezipatia ukingo wa meza ya pembeni.

Kabla ya lipu lazima bati liwe juu, lenye upenu mpana, masika ya Machi yasije yakaikuta chokaa bado changa. Mbao za paa zimeshakatwa. Fundi anaanza na nguzo Jumamosi.